Akiba Yetu, Haki Yetu: Mintarafu Vyama vya Akiba na Mikopo

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri za walei na wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, Rahaleo, Mtwara)



Mada tuliyopewa inahusu vyama vya akiba na mikopo, ambavyo wengi tumezoea kuviita SACCOS. Huenda wapo wanaojiuliza mambo ya fedha yanahusianaje na Tume ya Haki na Amani. Tunajibu hivi: haki haielei hewani. Huonekana, au hukosekana, katika mizani ya korosho, katika bei ya samaki wanaposhushwa pwani, na katika daftari la mtu anayekopesha. Mkulima anayelazimika kuuza mavuno yake yangali maua mtini amedhulumiwa, hata kama mapatano aliyatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Basi tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: kwanza tuone, kisha tuamue, mwishowe tutende.

I. TUONE HALI ILIVYO

Rahaleo ni kata ya mjini, lakini maisha yake yamefungamana na shamba na bahari. Wengi wetu tuna mikorosho, yetu au ya wazazi wetu, huko Nanyamba, Tandahimba, Newala na Masasi. Fedha ya korosho huingia kwa msimu mmoja: minada huanza kwenye mwezi Oktoba, na baada ya miezi michache imekwisha. Mahitaji hayafuati msimu huo. Palizi inataka vibarua. Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho hutaka kupuliziwa dawa dhidi ya ubwiri unga. Mtoto huugua mwezi wowote. Na wakati wa masika chakula hupanda bei ghala likiwa tupu. Wavuvi nao wana msimu wao: kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hulala ufukoni siku nyingi. Mama anayekaanga samaki au kuuza chakula stendi ana shida ya namna nyingine. Fedha yake huingia kila siku, lakini kidogo kidogo, na kila siku hutoka.

Mtu wa aina hii akihitaji shilingi laki moja mwezi Mei, mbele yake kuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni benki. Tangu mabenki yalipotaifishwa mwezi Februari 1967, kufuatia Azimio la Arusha, huduma za benki ya biashara zilikuwa karibu zote mikononi mwa NBC. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1997 NBC iligawanywa, ikazaliwa NMB iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Leo kuna mawakala mitaani, na simu ya mkononi imekuwa pochi. Kuweka fedha hakutupi taabu tena. Taabu iko katika kukopa. Benki huuliza hati ya nyumba, mshahara unaopitia kwake, kitabu cha hesabu za biashara. Mama muuza samaki hana hata kimoja. Na nyumba, kama ipo, mara nyingi imeandikwa jina la mume. Hatusemi kwamba benki ni mbaya. Inalinda fedha za walioiweka amana, na ni wajibu wake kuuliza. Lakini maswali yake yote yanahusu mali, na asiye na mali hana la kujibu.

Mlango wa pili ni kangomba. Neno hili kila mtu wa Kusini analijua. Mwenye fedha humwendea mkulima miezi ya njaa, humpa kiasi kidogo, na mkulima huahidi korosho zake za msimu ujao kwa bei ya kutupa. Tufanye hesabu. Tuseme mzee mmoja amepewa shilingi 100,000 mwezi Mei kwa ahadi ya kilo 100, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Mwezi Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, tukiacha makato, kilo zake 100 ni shilingi 330,000. Kwa hiyo laki moja ya miezi sita imemgharimu mzee shilingi 230,000. Katika msimu huo huo malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba yao, kwa sababu ilifahamika kwamba sehemu ya korosho zilizofikishwa maghalani haikuwa tena mali ya waliozilima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani kwetu mwaka 2007, ulikusudiwa kumpa mkulima bei ya mnada. Lakini mnada haumsaidii aliyekwisha kuuza mwezi Mei.

Mlango wa tatu ni mkopeshaji wa mtaani, ambaye mikopo yake watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, riba haielezwi wazi, na anayechelewa hunyang'anywa godoro, jiko, na hata heshima yake mbele ya majirani. Siku hizi mkopeshaji wa namna hii anaweza pia kujificha ndani ya simu.

Kwa hiyo tunaposema chama cha akiba na mikopo badala ya benki, tuelewane vizuri. Kwa wengi wetu benki haikuwa kamwe mlango uliokuwa wazi. Uchaguzi ulio mbele yao ni kati ya chama na kangomba.

II. TUAMUE KWA MWANGA WA IMANI

Tusome nyumbani sura ya tano ya kitabu cha Nehemia. Watu wanamlilia kiongozi wao. Njaa imewafanya waweke rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine wamefikia kuwatoa watoto wao utumwani. Wadai wao si wageni. Ni ndugu zao wa taifa moja. Nehemia anakasirika, anawakemea wakuu, anaitisha mkutano mkubwa wa watu, na kudai mashamba yarudishwe pamoja na riba iliyotozwa. Mwandishi wa kitabu kile hakuijua korosho, lakini kangomba aliijua.

Torati inakataza kumgeuza ndugu maskini kuwa mtaji (Kut 22:25). Kanisa nalo halikuacha kulisemea jambo hili. Mwaka 1462 Wafransisko walianzisha mjini Perugia, Italia, mfuko wa kuwakopesha maskini kwa kuweka rehani vitu vidogo, ili wasiangukie mikononi mwa walanguzi wa fedha. Mwaka 1745 Baba Mtakatifu Benedikto XIV aliandika waraka mzima kulaani riba ya unyonyaji. Mwaka 1891 Leo XIII, katika Rerum Novarum, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Na mwaka 1931 Pius XI alieleza kanuni ya auni: kile ambacho watu wa chini wanaweza kukifanya wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye, bali wawasaidie wakifanye. Chama cha akiba na mikopo ni kanuni ya auni iliyotiwa katika daftari la hesabu.

Historia yake inafaa kufahamika, kwa maana imejaa watu waliokuwa na taabu kama zetu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa Mkristo Mprotestanti na meya wa vijiji huko Ujerumani. Njaa ya mwaka 1846 na 1847 ilipowakumba watu wake, aliwaomba matajiri watoe fedha ili maskini wapate unga na mkate. Msaada ule uliokoa maisha. Lakini kadiri miaka ilivyopita aliona kwamba chama kinachotegemea ukarimu wa matajiri hufifia ukarimu unapochoka. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama na wadhamini. Masharti yake yalikuwa machache: eneo liwe dogo kiasi cha watu kujuana, viongozi wafanye kazi kwa kujitolea, na ziada ibaki kuwa mfuko wa wote.

Nchini Kanada, Alphonse Desjardins alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za Bunge. Mwaka 1897 alimsikia mbunge mmoja akisimulia habari za mtu aliyekopa dola 150 na kudaiwa riba ya dola 5,000. Hakulala juu ya habari hiyo. Mwezi Desemba 1900 alianzisha chama katika mji wake wa Lévis, na mapadre wengi wa Quebec wakafungua milango ya parokia zao kwa vyama vya namna hiyo. Siku ya kwanza ya kupokea michango, mwezi Januari 1901, zilikusanywa dola 26 na senti 40, na mchango wa kwanza kabisa ulikuwa senti 10. Leo shirikisho lililotokana na senti zile ni miongoni mwa vyombo vikubwa vya fedha nchini humo.

Hapa Afrika, chama kinachotajwa kuwa cha kwanza cha aina hii kilianzishwa mwaka 1955 huko Jirapa, kaskazini mwa Ghana, kwa msaada wa Padre John McNulty. Waanzilishi wake hawakuwa watu wa mishahara mikubwa.

Tuongeze jambo moja la kutufikirisha. Mwaka 2005 serikali yetu ilipouza sehemu ya NMB, mnunuzi mkuu alikuwa Rabobank ya Uholanzi. Sehemu ya mwanzo ya jina hilo inatokana na jina la Raiffeisen, kwa kuwa benki ile ilizaliwa na vyama vya wakulima vya akiba na mikopo. Wakulima waliokuwa wakiweka akiba zao pamoja vijijini waliacha nyuma chombo kilichoweza kuja kununua hisa za benki ya nchi nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

III. CHAMA HUFANYAJE KAZI, NA FAIDA YAKE NI NINI?

Mwanachama hulipa kiingilio, hununua hisa, na huweka akiba kwa utaratibu uliokubaliwa. Baada ya muda uliowekwa anaweza kuomba mkopo; katika vyama vingi kiwango chake ni mara mbili au mara tatu ya akiba yake. Wanachama wenzake humdhamini. Kamati ya mikopo hupima ombi lake, bodi huendesha chama, kamati ya usimamizi hukagua, na mkutano mkuu wa wanachama wote ndio wenye kauli ya mwisho. Faida zake ni hizi:

1. Dhamana ni uaminifu. Benki huuliza una nini. Chama huuliza wewe ni nani, umeweka akiba kwa muda gani, na nani yuko tayari kusimama nawe. Mama muuza samaki ambaye kwa mwaka mzima hakukosa kuweka shilingi 5,000 za kila wiki ana jibu.

2. Riba ni nafuu, na hairudi kwa mtu wa mbali. Turudi kwa yule mzee wa kilo 100. Tuseme chama chake kinatoza asilimia 1.5 kwa mwezi, naye analipa deni lote baada ya miezi sita. Riba yake ni shilingi 9,000. Kwa bei ile ile ya shilingi 3,300, angeuza kilo 34 hivi kulipa deni na riba, na kilo 66 zingebaki zake. Hata zile 9,000 alizolipa haziendi mbali: hulipia gharama za chama, hukuza mfuko wake, na ziada ikipatikana hurudi kwa wanachama kama gawio.

3. Mtu mmoja, kura moja. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Katika chama cha ushirika, mwalimu mwenye akiba ya milioni tatu na kibarua mwenye akiba ya laki moja wana kura sawa. Kwa ndugu zetu wengi hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo wameuliza swali juu ya hesabu na kujibiwa.

4. Fedha yetu hubaki kwetu. Amana tunayoiweka benki hapa Mtwara inaweza kukopeshwa popote panapoonekana kuwa na faida zaidi. Akiba iliyo katika chama huzunguka kwetu: leo ni cherehani ya binti, kesho ni nyavu za mvuvi, keshokutwa ni palizi ya shamba.

5. Chama hufundisha. Anayeweka akiba kabla ya kukopa hujifunza kupanga. Upatu una wema wake, na VICOBA vimewainua akina mama wengi. Wote wanaovishiriki wamekwisha kusoma darasa la kwanza la ushirika. SACCOS ni darasa la juu zaidi, maana mfuko wake haugawanywi kila mwisho wa mwaka, na hivyo unaweza kukua na kutoa mikopo ya muda mrefu.

Benki tusiitupe. Chama chenyewe huweka fedha zake benki, na mwenye biashara iliyokua atahitaji mikopo ambayo chama hakiwezi kuitoa. Kila chombo kina kazi yake.

IV. HATARI ZILIZOPO

Tungewadanganya kama tungeishia hapa. Vyama vingi vimekufa, na akiba za maskini zimekufa navyo. Yatupasa kujua sababu.

Hatari ya kwanza ni wakopaji wasiolipa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu asiyelipa mkopo wa chama hajaikomoa kampuni fulani ya mbali. Amechukua akiba ya mjane anayekaa naye benchi moja kanisani. Hili ni jambo la dhamiri, na katekista aliitaje kwa jina lake: ni wizi. Aidha, kiongozi wa walei anayekopa asilipe kwa kutegemea kuonewa haya hubomoa chama na jumuiya kwa pigo moja.

Hatari ya pili ni viongozi wasiokaguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Kenya, ambako vyama hivi vina nguvu kubwa, ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vyenyewe, ulifichua upotevu wa takriban shilingi bilioni 13 za nchi hiyo. Kama wakubwa wanaweza kuyumba kiasi hicho, chama kidogo kisicho na ukaguzi hakina usalama.

Hatari ya tatu ni utapeli unaovaa joho la dini. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, iliyowaahidi watu kwamba wakipanda mbegu ya fedha watavuna mara kadhaa. Watu waliuza mali zao ili wapande. Chama cha kweli hakiahidi mavuno ya ajabu. Faida yake hutoka kwenye riba ndogo ya mikopo ya wanachama, na kwa hiyo haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi. Anayekuahidi kukurudishia fedha yako maradufu kwa miezi michache, mkimbie, hata akianza kwa sala.

Hatari ya nne ni chama kuwa cha mtu mwingine. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ushirika unaoamriwa kutoka juu huweza kufutwa kutoka juu. Vivyo hivyo, chama kisiwe cha Paroko. Padre anaweza kuhamasisha na kuwa mwanachama kama wengine, lakini asishike funguo za sanduku.

Hatimaye tuseme wazi: amana za benki zinalindwa, hadi kiwango kilichowekwa kisheria, na Bodi ya Bima ya Amana, akiba ya SACCOS haimo katika bima hiyo. Kwa hiyo ulinzi wa akiba zetu ni macho yetu wenyewe pamoja na usimamizi wa sheria. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, chama hakina budi kuwa na leseni, na vyama hivi husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

V. TUTENDE

Tunapendekeza mambo matano.

Moja: kila jumuiya ijadili mada hii kwa mikutano miwili au mitatu kabla mtu yeyote hajatoa shilingi. Elimu itangulie fedha.

Mbili: kabla ya kuanzisha chama kipya, tuulize kama kilichopo karibu kinafaa. Vyama vitano vidogo vilivyo dhaifu havishindi kimoja chenye afya. Afisa ushirika wa manispaa ndiye mtu wa kumwendea.

Tatu: anayetaka kujiunga adai kuona vitu vinne: leseni, masharti ya chama, taarifa ya mwisho ya ukaguzi, na tarehe ya mkutano mkuu uliopita. Chama kinachoficha kimojawapo, tusikiingie.

Nne: mlango uwe wazi kwa wote. Hapa Mtwara tunaishi na ndugu zetu Waislamu, tunanunua sokoni pamoja na kuzikana pamoja. Kangomba haiulizi mtu anasali wapi. Kwa vile mafundisho yao yanakataza riba, tukae nao mapema na kuwasikiliza juu ya namna ambayo wote wangeweza kushiriki bila kuvunja dhamiri.

Tano: mkopo wa kwanza wa chama ulenge miezi ya njaa. Chama kinachokopesha Desemba, fedha ya korosho ikiwa mfukoni, na kufunga dirisha mwezi Mei, kitakuwa kimemwachia kangomba shamba lote.

Ndugu wapendwa, Nehemia hakuwaacha wadai waondoke na ahadi za mdomo. Aliwaapisha mbele ya makuhani, na watu wote wakaitikia Amina. Nasi tunawaomba mpeleke mada hii katika jumuiya zenu, mhesabu ni familia ngapi zimekwisha kuuza korosho za msimu ujao, na mrudi na majibu katika kikao kijacho cha halmashauri. Hesabu hiyo itatuambia tuanzie wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni mahitaji gani yanayowapeleka watu kwa kangomba au kwenye mikopo ya kausha damu, na ni katika miezi ipi?

2. Someni Nehemia 5:1–13. Katika mazingira yetu, nani analia, na nani ni mdai? Je, kati yetu wamo wanaonunua korosho za ndugu zao kwa njia ya kangomba?

3. Je, tunakijua chama cha akiba na mikopo kilichokufa? Kilikufa kwa sababu gani, na nini kingeweza kukiokoa?

4. Kila mmoja wetu angeweza kuweka akiba kiasi gani kwa wiki bila kuwanyima watoto chakula?